Mbona Wifi Haumwi?

Tumsifu na mkewe Emiliana waliuza nafaka katika soko la Majengo, Dodoma. Kila asubuhi Emiliana alichemsha uji, akamvalisha Lydia, binti yao wa miaka minne, kisha wakaenda kufungua kibanda. Maisha hayakuwa mabaya.

Mwezi wa nane, Loisi, dada mdogo wa Tumsifu, alikuja kutoka Kibakwe na magunia kumi ya mahindi ya kuuza. Kibanda kilikuwa kimejaa. Magunia yakapangwa nyumbani, katika chumba kilicho jirani na chumba cha kulala. Ukuta kati ya vyumba hivyo haukufika kwenye bati.

Emiliana aliogopa dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi kuwa unga yakiwa bado guniani. Alinunua vidonge vinavyotoa gesi ya kuua wadudu, akatia katika kila gunia. Siku chache baadaye akaongeza vingine. Alijiona mama mwangalifu kweli kweli.

Wiki haikwisha, mambo yakaharibika. Emiliana aliamka kichwa kikimgonga. Tumsifu alisema kifua kinambana. Lydia alitapika. Walikwenda zahanati, lakini kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mchana walipata nafuu. Kesho yake asubuhi, yakawa yale yale.

Loisi peke yake aliamka mzima, akafagia uwanja huku akiimba.

"Mbona wifi haumwi?" Emiliana alimuuliza Naima, jirani yake aliyeuza uwele sokoni.

"Nani anapika kwako?"

"Yeye."

Naima alitikisa kichwa. "Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno hayo yalimkaa Emiliana moyoni. Tangu siku hiyo alipika mwenyewe. Alifungia chumvi kabatini na kuificha ndoo ya maji. Aliitazama mikono ya Loisi kila ilipogusa kitu. Hata hivyo waliendelea kuumwa. Je, shaka yake ilipungua? Wapi! Alisema basi sumu imepakwa kwenye vikombe. Sokoni nako alimsimulia kila aliyetega sikio.

"Baba Lydia, dada yako arudi kwao," alisema siku moja.

"Kwa kosa gani?"

"Mwanangu anakufa huku unaangalia!"

Loisi alisikia. Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake huku akilia.

Wiki ile mtaalamu mmoja, Cecilia, alikuwa akipita Majengo na mashine ya kupima hewa katika maghala ya nafaka. Wafanyabiashara walimkwepa. Walisema ni mtu wa kodi, na kwamba mashine yake inaona mpaka nyuma ya ukuta. Emiliana naye hakumwamini. Lakini aliposikia kuwa mashine hiyo inatambua sumu, alimfuata mbio.

"Njoo upime sahani za wifi yangu," alisema.

Cecilia alitabasamu kwa mshangao. "Mama, mashine hii haipimi sahani, inapima hewa. Kwani nani anaumwa?"

"Sote, isipokuwa yeye."

"Mnaumwa saa ngapi?"

"Tukiamka."

"Yeye analala wapi?"

"Sebuleni, dirisha wazi. Amezoea baridi ya Kibakwe, hawezi joto letu."

Cecilia aliacha kutabasamu. Walikwenda nyumbani, wakamkuta Tumsifu na Lydia, na Loisi akiwa bado hajaondoka. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, akaielekeza mashine kwenye ukuta wa mbele.

"Huu ni mwanga wa leza," alieleza. "Macho hayauoni. Unagonga ukuta, kisha unarudi kwenye mashine. Kila gesi ina aina yake ya mwanga inayoumeza. Mimi naubadilisha mwanga kidogo kidogo mpaka aina ile. Ukirudi umepungua, najua gesi ipo, hata kama ni kidogo sana."

Namba zilipanda.

"Tokeni nje, haraka! Hii ni gesi ya vidonge vya nafaka. Hapa ziko sehemu nne katika kila sehemu milioni za hewa. Hata moja ni nyingi kwa mtu anayelala humu. Nani ameweka vidonge?"

Tumsifu alimgeukia Loisi. Loisi alimtazama wifi yake.

"Ni mimi," Emiliana alisema.

Saa ile ile walimkimbiza Lydia hospitali na kumwonyesha daktari pakiti ya vidonge. Mtoto alilazwa siku mbili, akapona. Mafundi wenye vifaa vya kukinga pumzi waliyaondoa magunia. Nyumba ilifunguliwa madirisha yote. Cecilia alipima tena siku ya tatu. Gesi haikuwapo.

"Vidonge hivi haviwekwi katika nyumba ya kulala, hata kimoja," aliwaambia. "Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, katika ghala la mbali, chini ya turubai lililobanwa. Na hakuna kuingia mpaka hewa ipimwe."

"Na dumuzi je?" Tumsifu aliuliza.

"Kausheni mahindi vizuri, myatie katika mifuko isiyopitisha hewa. Mdudu atakufa kwa kukosa pumzi, bila dawa."

Jioni Emiliana alimwendea Loisi. "Wifi, nimekukosea. Nisamehe."

Loisi alimjibu, "Hapa nyumbani nimekusamehe. Lakini ulinichafua sokoni. Kanisafishe huko."

Kesho yake wakaenda pamoja. Cecilia alikuwa huko akipima maghala. Emiliana alisimama katikati ya wauzaji.

"Aliyetia sumu nyumbani kwangu ni mimi," alisema kwa sauti. "Loisi hana kosa. Nilitia vidonge kwenye magunia, tukalala navyo, nusura nimuue mwanangu."

Naima aliweka chini kipimo chake cha uwele.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi magunia yangu nimeyatia vidonge hivyo hivyo, nikayaweka chini ya kitanda cha mama. Na mama anaumwa tangu Jumapili."

Alianza kukimbia. Cecilia alibeba mashine yake, akamfuata, na wauzaji nyuma yao. Walimtoa mama mzee akiwa hai, Emiliana ameshika mkono huu, Loisi mkono ule.