Kipande cha Gundi Karibu na Dirisha

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa kama vile misumari inagawiwa bure. Huyu anataka bawaba, yule anarudisha koki inayovuja, na katikati ya msukumano huo alisimama binti mmoja fundi cherehani, gauni la njano limemkaa sawasawa, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Alikuwa amesahau kuuvua.

"Nipe dawa ya kutoa gundi sakafuni," alimwambia muuzaji. "Kali kabisa."

Muuzaji akashusha kopo lenye picha ya fuvu.

"Dada, hiyo itakutoa wewe kabla haijatoa gundi," sauti ilisema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, suruali imechakaa magotini, mfuko wa shati umechanika upande mmoja.

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Gundi yenyewe ya nini?"

"Ya zulia. Nimepanga chumba cha kushonea. Aliyehama kang'oa zulia lake, gundi kaniachia mimi. Nataka kubandika vigae vya plastiki."

"Ni nyeusi au ya njano?"

"Njano. Kama asali iliyoganda."

"Basi hiyo haitaki sumu. Inataka maji ya moto, matambara na subira."

"Na subira inauzwa duka gani?"

"Hapa hawana," kijana akasema bila kucheka. "Ninayo mimi."

Binti alicheka mpaka muuzaji akarudisha kopo lake juu.

Kijana alikuwa fundi wa sakafu, na mafundi wenzake walimwita Taratibu. Walisema konokono akimpita njiani humpa pole. Lakini sakafu aliyoiweka yeye haikurudiwa.

Kesho yake asubuhi alikuja na skrepa yake, ile ya mpini mrefu na bapa la chuma lenye makali. Alitandika matambara yaliyoloweshwa maji ya moto, akasubiri, kisha akapiga magoti na kukwangua. Gundi ilikunjamana mbele ya chuma kama utando wa maziwa. Alipomaliza sehemu aliifuta, akaiacha ikauke, akadondosha tone moja la maji.

"Sasa tunatazama nini?" binti aliuliza.

"Tone. Likisimama limevimba, gundi bado ipo hata kama huioni. Likinywewa na saruji, sakafu ni safi."

Wakakaa wote wawili wamechuchumaa, wanatazama tone. Lilichukua muda wake. Bega lake likagusa bega la binti, na hakuna aliyesogea.

Siku ya tatu binti alikuwa anachemsha maji kabla fundi hajabisha hodi.

"Simama hivyo hivyo," alimwambia, sindano mkononi. "Mfuko huu unanitia aibu mimi, si wewe."

"Polepole, Sindano, usinichome moyo."

"Moyo uko chini zaidi. Hapa kuna kalamu tu."

Alimshonea kwa uzi mwekundu juu ya shati la buluu. Alisema uzi wa buluu umekwisha. Ulikuwepo kwenye droo, kibunda kizima. Alitaka tu mshono wake uonekane hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Ijumaa jioni sakafu yote ilikuwa safi, isipokuwa kipande cha ukubwa wa sinia, karibu na dirisha. Taratibu akaanza kufunga vifaa.

"Na hicho?"

"Hicho ni cha Jumatatu, mpenzi. Vigae tutaweka Jumanne, Jumatano unafungua."

"Nusu saa tu imebaki!"

"Cha Jumatatu, nimesema."

Kwa kweli kilikuwa cha nusu saa. Alikiacha makusudi. Alitaka Jumatatu aje na dada yake mkubwa, aliyemlea, wasimame mlangoni aseme: nimekuja kumaliza kazi moja na kuomba nyingine. Usiku mzima alilirudia neno hilo, akaona limekaa vizuri, na asubuhi na mapema akapanda basi kumfuata dada yake.

Asubuhi hiyo hiyo simu ya binti ililia. Ni shangazi yake.

"Mwanangu, Jumatano sitaweza. Nakuja kesho kukufungulia."

Shangazi huyu ndiye aliyemlea. Cherehani kilikuwa chake, na alipompa alimwambia neno moja: "Chunga mafundi wa maneno matamu. Huacha kazi nusu." Binti akatazama kile kipande. Akapiga simu.

"Taratibu wangu, njoo sasa hivi umalizie. Shangazi anakuja kesho."

"Niko mbali, Sindano."

"Mbali wapi?"

"Utajua Jumatatu. Weka meza juu yake, hataona."

Nyuma ya sauti yake mwanamke akacheka. "Ndiye huyo? Mwambie ajiandae!"

"Nani huyo?"

"Jumatatu, mpenzi," naye akacheka. "We niamini tu."

Binti akakata simu. Jirani yake muuza viatu, ambaye masikio yake hayakujua ukuta, akachungulia.

"Nina fundi wangu. Kwa saa tatu tu, chumba kinang'aa."

Fundi huyo hakuchemsha maji wala hakudondosha tone. Kipande cha dirishani alikifunika kwa vigae kama kilivyo, na jioni sakafu ilikuwa inawaka.

Jumatatu Taratibu alikuja na shati lililonyooshwa, mfuko wa uzi mwekundu kifuani. Kando yake alisimama mwanamke wa gauni la kijani, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mgeni. Ndani, shangazi alikuwa anakunja vitambaa. Taratibu alitazama sakafu, kinywa kikabaki wazi.

"Kazi imekwisha," binti alisema, hata shikamoo hakutoa. "Na huyo mwanamke wako mpeleke akachekee kwingine."

Mwanamke akamshika kijana mkono.

"Twende, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Tumekosea mlango."

Mdogo wangu. Binti alilisikia vizuri, akaelewa yote kwa mara moja: basi, kicheko, Jumatatu. Angeweza kuwakimbilia, mlango ulikuwa hatua nne. Lakini shangazi alikuwa anatazama, na neno alilolitoa lilikuwa limeshamkaa usoni. Akachukua mkasi, akakata kitambaa ambacho hakikuwa cha kukatwa.

Taratibu aliinama, akagonga kigae cha dirishani kwa kidole. "Hapa patainuka," alisema, akaondoka.

Binti alingoja simu yake. Taratibu naye alingoja ya binti.

Joto lilipokuja, miezi minane tangu siku ile, kigae kiliinuka pembe. Mteja mmoja alijikwaa, wa pili akajikwaa. Binti akampigia Taratibu.

"Kigae kimeinuka."

"Cha dirishani," sauti ilijibu. Haikuwa inauliza.

Alifika kesho yake. Shati lilikuwa lile lile la buluu, na jicho la fundi cherehani likaenda mfukoni kabla halijafika usoni. Uzi mwekundu ulikuwa umefumuliwa. Mahali pake palikuwa na uzi wa buluu, mishono midogo, sawasawa, ya mtu asiye na haraka.

"Anashona vizuri," binti alisema.

Taratibu akaufunika mfuko kwa kiganja. "Ndoa ni mwezi ujao."

"Hongera."

"Asante."

Akabandua vigae vinne. Gundi ilikuwa pale pale, ya njano, inanata.

"Kwa nini uliiacha?" binti aliuliza.

"Nilitaka sababu ya kurudi. Na dada nilimleta aje kuniposea."

"Ungeniambia kwenye simu."

"Ningekuambia," alikubali. Akaitazama skrepa mkononi. "Nilijiona mjanja."

Alipotaka kupiga magoti, binti alimzuia. "Niachie skrepa. Hapa nitakwangua mwenyewe."

"Usiharakishe maji."

"Najua. Nilikuwepo."

Alipobaki peke yake alichemsha maji, akatandika matambara, akasubiri. Ilimchukua nusu saa kamili. Akafuta, akaacha pakauke, akadondosha tone. Alichuchumaa akilitazama mpaka likanywewa lote, pakabaki doa, kisha hata doa likapotea.

Akachukua simu. Kidole kilikwenda kwenye jina la Taratibu, kikapita. Akampigia shangazi.

"Shangazi, unamkumbuka yule mwanamke wa gauni la kijani? Alikuwa dada yake."

"Najua, mwanangu. Si alimwita mdogo wangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua umesikia."

"Nilisikia, Shangazi," alisema. "Nilisikia."