Mgeni Aliyeingia kwa Sikio

Siku ya tatu ya ziara, saa nane mchana, Mayasa alitafsiri maneno ya mtu ambaye hakuwepo.

Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa Randburg, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, katika kiofisi chenye kiti kimoja kizima. Wasafiri walikuwa Morocco, watu kumi na wawili, Wakongo na Watanzania wenye biashara zao Johannesburg. Gustave, mwenye kampuni, alikuwa amewauzia ziara ya siku kumi ya miji minne ya wafalme: Rabat, Meknes, Fez na Marrakesh. Mwongozaji wao kule, mzee mmoja aitwaye Driss, alijua Kiarabu na Kifaransa basi. Kwa hiyo kila msafiri alivaa kidude sikioni. Driss akisema Kifaransa, Mayasa alikidaka kwa simu huku Randburg, akakigeuza Kiswahili papo hapo, nacho kikawafikia wale watu kana kwamba anatembea nao bega kwa bega.

Kutembea nao kwa miguu yake hakuweza. Karatasi yake ya ukimbizi, aliyokuwa akiihuisha kwa kupanga foleni miaka kumi na moja, haikumruhusu kuvuka hata mpaka wa Lesotho. Gustave alimchagua kwa sababu hiyo hiyo, maana mkalimani asiyeweza kusafiri haombi tiketi. Mayasa alilijua hilo na alilimeza kila asubuhi pamoja na chai yake. Aliwaeleza watu malango ya dhahabu na bustani za michungwa asizoziona, kwa Kiswahili kitamu cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikozaliwa, na jioni akapanda teksi kurudi Jeppestown kwenye chumba chake kimoja. Mungu naye ana mizaha yake.

Kazi ya ukalimani ina sheria moja: kinachoingia sikioni kitoke mdomoni. Huongezi, hupunguzi, hujibu. Miaka minne Mayasa hakuwahi kuivunja.

Mchana ule kundi lilikuwa linateremka kwenye ghala la kale chini ya mji wa Meknes, mahali penye nguzo nene na giza la baridi. Driss alinyamaza. Mayasa alisikia viatu vyao tu, na mtu mmoja akikohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kwa Kifaransa, polepole, karibu mno, kana kwamba amebandika midomo kwenye simu:

"Nimekaa huku chini siku nyingi. Mimi ni mgeni. Hakuna wa kunipokea?"

Mayasa akatafsiri kama ilivyo. Akangoja mmoja wa wale kumi na wawili ajibu. Hakuna aliyejibu. Sauti ikarudia, safari hii kwa huzuni, na kiofisi cha Randburg kikanuka chokaa mbichi na ngozi iliyolowa.

Buyenzi mtu akibisha hodi huitikiwa kwanza, hata kama ni mgomvi wako, mengine yatafuata. Kumwacha mgeni mlangoni bila neno ni aibu ya nyumba nzima. Mayasa alilelewa hivyo, na ulimi haukungoja ruhusa yake.

"Karibu," alisema. "Karibu kwetu."

Jioni, Driss alipopiga simu kupanga safari ya kesho yake, Mayasa alimuuliza yule mama ni nani.

"Mama gani, Madame?" Driss alishusha sauti. "Kule chini mimi sikufungua mdomo. Huwa hatusemi kule. Sisi hata maji ya moto hatuyamwagi kwenye karo kabla ya kuwaomba radhi wasioonekana waliomo. Ulimjibu?"

"Sikumjibu," Mayasa alisema, kwa kuwa alikuwa na haya.

"Alhamdulillahi," alisema Driss, na akakata simu upesi.

Sasa niwaambie habari za Belyse. Huyu alikuwa mwana wa pekee wa Mayasa, miaka tisa, mzaliwa wa Johannesburg. Baba yake alikwenda Cape Town kutafuta kazi akapotelea huko. Belyse alikisikia Kiswahili vizuri, ila hakukisema. Umwambie "njoo ule", atakuja na atakula, lakini atajibu kwa Kiingereza, na uani alicheza na wenzake kwa Kizulu. Mayasa alishinda akiwasemesha watu wa mbali Kiswahili, wakashukuru. Akirudi nyumbani akamsemesha mtoto aliyemzaa, Kiingereza kikamrudia usoni. Lilimuuma hilo kuliko karatasi na foleni. Alimkaripia, akambembeleza, akamwekea nadhiri. Wapi!

Jioni ile ya siku ya tatu alifungua mlango, na Belyse akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Pole na kazi. Keti, nimekuchotea maji ya kunawa miguu."

Mayasa alikaa kitandani akalia. Hakuuliza yametoka wapi. Mtu aliyeshinda na njaa haulizi wali umepikwa na nani.

Siku mbili alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Jeppestown. Siku ya tano alimpigia simu mama yake Buyenzi, akampa Belyse simu, na bibi na mjukuu wakaongea saa nzima. Alfajiri ya siku ya sita mama yake akapiga mwenyewe.

"Mayasa, huyo niliyeongea naye ni nani?"

"Si Belyse, mama?"

"Ameniita Kibibi. Jina hilo aliniita mama yangu peke yake, na alikufa wewe hujazaliwa. Wewe hujawahi kulisikia. Mwangalie mtoto wako, mwanangu. Mwangalie vizuri."

Mayasa alisema mama amezeeka, anachanganya mambo. Aliyasema kwa sauti kubwa mbele ya kioo, akaenda kazini.

Siku ya saba Jeannine alimsubiri barabarani. Jeannine alikuwa msusi, mtu wa Bukavu, mlokole asiyependa umbea wa mashetani, na ndiye aliyekaa na Belyse saluni mchana, kutoka shule mpaka mama yake arudi.

"Mama Belyse, ntakwambia wazi," alisema, akimvuta pembeni. "Mutoto yako anatembezaka watu."

"Watu gani?"

"Ndio nakuuliza. Anainua mukono juu, anazunguka viti ya saluni. Anasema, 'Huku ni mulango ya wauza ngozi, muinamishe vichwa.' Jana ilikuwa saa tisa kasoro kumi, niliangalia saa."

Mayasa alihesabu saa. Jana, saa tisa kasoro kumi, akiwa Randburg, maneno hayo hayo ndiyo aliyoyasema kwenye simu, kundi likipita Fez.

"Na kila siku anakawia kurudi katika akili yake," Jeannine alinong'ona. "Namuita, haitiki. Leo nimemwita mara kumi. Seigneur, Bwana Yesu, macho ilikuwa wazi, lakini alikuwa mbali."

Siku ya nane kundi lilipumzika hotelini Marrakesh, kwa hiyo Mayasa hakuwa na wa kumtafsiria. Alimzuia Belyse asiende shule, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa akimtazama. Adhuhuri, jua likiwaka na mafundi wa chini wakigonga mabati, mtoto aliinuka, akainua mkono wa kulia, akaanza kutembea.

Chumba kile kilikuwa hatua sita kwa nne, na Mayasa alikijua kama kiganja chake, lakini Belyse alitembea mbele, mbele tu, bila kugeuka na bila kugusa ukuta, akabaki pale pale mbele ya macho ya mama yake huku mlio wa viatu vyake ukienda mbali, kwanza kama wa mtu aliye chumba cha pili, kisha kama wa mtu aliye mtaa wa pili, kisha hafifu, ukirudishwa na kuta ndefu ambazo Jeppestown haina, na nyuma ya viatu hivyo kukawa na viatu vingine, vizito, vya mtu mzima asiye na haraka, na ile harufu ya chokaa na ngozi ikajaa mpaka Mayasa akashindwa kuvuta pumzi, na mdomo wa mtoto ukisema kwa Kiswahili safi, kitamu, cha Buyenzi, "Karibuni, karibuni, huu ndio mji wa mwisho, kesho kutwa tutaingia ndani ya kasri na malango yatafungwa nyuma yetu."

Kisha, kutoka mbali kule viatu vilikokuwa, sauti nyembamba ya mtoto ikaita kwa Kiingereza:

"Mama, sitaki kwenda naye. Mama, nisaidie."

Mayasa aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameisikia mara mbili wiki ile, jioni, mtoto akiwa nusu usingizini, akimwambia maneno hayo hayo kwa Kiingereza. Na mara zote mbili alikuwa amemjibu, kwa ukali wa mzazi aliyekwisha kuonja ushindi: "Sema Kiswahili."

Alijipiga kofi usoni, mara moja, mara mbili. Halafu akambeba mtoto mgongoni, mkubwa vile, akashuka naye ngazi kumtafuta Bakiri.

Bakiri alikuwa mtu wa Tanga. Siku za kazi alishona mabegi ya turubai, Jumamosi alisomesha watoto Kurani, na majini aliyatoa kwa shingo upande, pale tu alipokosa pa kukimbilia. Alimsikiliza Mayasa hadi mwisho, akasema atakuja asubuhi, siku ya tisa. Alikuja na chetezo, ubani, na sahani nyeupe aliyoiandika kombe, aya za Kurani za kuoshwa na kunywewa, kwa zafarani. Mtoto akanyweshwa kombe. Moshi ukajaa chumbani. Simu ya Mayasa ikalia, alikuwa Gustave.

"Mama Belyse, group iko inangoja! Driss anaongea peke yake kama mwenda wazimu."

"Mtoto wangu anaumwa, patron."

"Kila mutu iko na mutoto. Usipokuja leo, usikuje tena."

Mayasa alizima simu.

"Nani kakuleta?" Bakiri alimuuliza aliyekaa ndani ya mtoto.

"Nimekaribishwa," mtoto alijibu kwa utulivu. "Mara mbili niliomba, na mwenye nyumba akanijibu kwa sauti nzuri. Mimi si mwizi."

"Basi toka."

"Anayemkaribisha mgeni ndiye anayemsindikiza. Hamna adabu hiyo huku? Na sitoki bila kiti nilichokalia."

Bakiri alisoma tena, akafukiza tena, jasho likimtiririka. Mwishowe aliketi chini, akamgeukia Mayasa.

"Dada yangu, sikiliza. Huyu hakukaa moyoni mwa mtoto wala kichwani. Amekaa kwenye Kiswahili chake, kile kidogo alichokuwa akikisikia kwako tangu mchanga. Akitoka anakibeba chote, na alipokaa hapaoti kitu tena. Hutaweza kumfundisha upya."

"Na asipotoka?"

"Kesho wanaingia kasri. Umesikia mwenyewe malango yatafanywaje."

Sitawaficha: Mayasa alisita. Alifikiria nyimbo za kubembelezea, dua, matusi matamu ya Buyenzi, jina la marehemu baba yake mwenyewe na namna alivyokuwa akicheka, mambo ambayo hakuwa na njia nyingine ya kuyasema. Kiingereza chake kilikuwa cha foleni na cha dukani; hakikujua kubembeleza. Alisita kiasi cha mtu kumeza mate, na muda huo mdogo ndio aliokuja kujilaumu nao maisha yake yote.

Kisha akamshika mtoto mkono.

"Mgeni," alisema, "umekaa, umekula, umeheshimiwa. Nakusindikiza."

Walishuka ngazi pamoja. Mkono wa Belyse ulikuwa mzito kama ndoo iliyojaa. Wakapita mafundi wa mabati, wakapita saluni ambapo Jeannine alikuwa amepiga magoti, wakafika kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, magari yakisimama kwa nyekundu. Mayasa alisema kwaheri. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwa Kifaransa, ikamshukuru kwa ukarimu wake, na yalikuwa maneno ya dhati, jambo lililomtia hofu kuliko yote. Mkono ukawa mwepesi. Harufu ikaisha.

Belyse alipepesa macho, akatazama magari, akamtazama yeye.

"Mama," alisema, kwa kuwa neno hilo lilikuwemo katika lugha zote alizobaki nazo.

"Mwanangu! Mwanangu, umerudi? Unaumwa wapi? Niambie mama."

Mtoto aliutazama mdomo wake ukienda. Alitabasamu kwa haya, kama anavyotabasamu mtu mwema aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Mayasa akasema tena, polepole, akalitaja jina lake, akasema njaa, akasema nyumbani. Hakuna lililoingia.

Belyse alikuwa mtoto mwenye huruma. Aliona mama yake analia, akadhani haelewi. Akamshika mikono yote miwili, akapaza sauti, akamtamkia kwa Kiingereza neno moja moja, vile vile makarani wa kaunta za karatasi walivyomsemesha Mayasa kwa miaka kumi na moja:

"Mimi. Nina. Njaa. Wewe. Unaelewa?"

"Naelewa," Mayasa alimjibu, kwa Kiingereza.