Mawe Mawili ya Kwa Mgeni

Msimu wa karafuu ukiingia, Rahila huamka na harufu yake. Huswali, akafagia uwanja, akamsaidia mama yake kutandika majamvi na kumwaga karafuu za jana zipate jua, kisha akaoga, akavaa sare na ushungi wake mweupe, akaenda skuli. Kitongoji chao kilikuwa upande wa Makangale, kaskazini ya Pemba, kabla hujaufikia msitu wa Ngezi. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, si mvivu wala si mtukutu, lakini ulimi wake ulikuwa mtamu kupita kiasi. Mama yake alizoea kusema kwamba Rahila akitumwa chumvi hurudi na hadithi, na chumvi yenyewe kaisahau dukani.

Siku moja Mwalimu Haroub, mwalimu wao wa historia, aliingia darasani na habari mpya. Kamati ya kitongoji ilitaka kuipanua njia ya zamani ya miguu, ile inayokata mashamba kutoka skuli hadi pwani, ili watu wapite vizuri na watalii wapate pa kutembea. Kabla ya kazi kuanza, darasa la sita lingeitembea njia yote pamoja na kamati na kuwasimulia historia yake.

"Kila mmoja nitampa mahali pake," alisema Mwalimu Haroub. "Uende kwa miguu yako, umuulize mwenye mahali, urudi na alichokwambia. Na msilete mchezo. Penye mwenyewe pataachwa kama palivyo. Pasipo na mwenyewe, njia itapita hapo hapo."

Wengine walipewa visima, wengine misikiti ya zamani. Rahila alipewa Kwa Mgeni. Palikuwa mbali, ng'ambo ya mto, kwenye mikarafuu mikongwe, na kando ya njia palikuwa na kaburi moja peke yake.

"Muulize Bi Kazija," mwalimu alimwambia. "Ndiye anayekaa karibu na pale."

Jumamosi asubuhi Rahila alitoka kweli. Tatizo ni kwamba njia ya kwenda kwa Bi Kazija ilipita nyumbani kwa kina Laila, rafiki yake, na siku hiyo kwa kina Laila kulikuwa na kazi ya kuchambua karafuu. Kina mama na watoto walikuwa wameuzunguka mlima wa vichala, wanachambua huku wakisengenya na kucheka, na sufuria la mihogo ya nazi liko jikoni. Rahila akasema atakaa kidogo tu. Lo! Kidogo ya Rahila tunaijua. Adhuhuri ikaadhiniwa bado yumo, mihogo ikaliwa, mvua ikanyesha, na njia ya mtoni ikawa tope tupu.

"Huendi tena kwa Bi Kazija?" Laila alimuuliza.

"Kwani kuna la kuuliza? Jina lenyewe linajieleza. Kwa Mgeni. Alikuja mgeni, akafa, akazikwa. Basi."

"Mwalimu kasema tuulize, Rahila."

"Bi Kazija mkali yule! Ridha wa darasa letu aliokota embe moja tu, akakimbizwa na fimbo mpaka mtoni."

"Na ukiulizwa nani alokwambia?"

"Nitasema yeye mwenyewe."

Laila alimtazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga na kuendelea kuchambua. Kunyamaza kwake nako kulikuwa kosa, ingawa siku ile hakuna aliyeliona.

Jumatatu Rahila alisimama mbele ya darasa na kuimwaga hadithi yake. Alisema kwamba zamani alitokea mtu wa ng'ambo, kavaa kanzu nyeupe iliyochakaa, mkoba wake begani. Aliomba maji, akayanywa, akalala chini ya mkarafuu asiamke tena. Hata jina lake hakuwahi kulitaja. Watu wakamzika palepale, na mahali pakaitwa Kwa Mgeni. Mwalimu Haroub alivua miwani, akaifuta.

"Mashaallah. Bi Kazija ndiye aliyekwambia haya?"

"Ndiyo, mwalimu," Rahila alijibu, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Siku ya matembezi walitoka asubuhi na mapema: wanafunzi, wazazi wachache, na Bwana Rajab, mwenyekiti wa kamati. Walikwenda wakisimama hapa na pale, kila mtoto akieleza la mahali pake. Walipovuka mto na kufika Kwa Mgeni, Rahila aliona kitu ambacho hakukitarajia. Kaburi lilikuwa limefagiwa. Michirizi ya ufagio ilionekana juu ya mchanga, na hapakuwa na jani hata moja. Nani anamfagilia mtu asiye na kwao? Hapo angeweza kusema neno moja tu la kweli na mambo yakaishia pale, aibu kidogo na basi. Lakini watu wote walikuwa wanamsubiri, na Rahila alipenda kusubiriwa. Akasimulia, na safari hii akaongeza machozi ya waliomzika.

"Ana jamaa hapa kijijini?" aliuliza Bwana Rajab.

"Hana hata mmoja. Ndiyo maana pakaitwa Kwa Mgeni."

"Mbona limefagiwa?" aliuliza mzee mmoja wa kitongoji cha jirani.

"Bi Kazija hufagia kwa kutaka thawabu tu," Rahila alijibu upesi.

Bi Kazija mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amevuka bahari kwenda kisiwa cha Fundo kumuuguza dada yake wa upande wa baba, na hakuna aliyejua atarudi lini. Yule mzee alinung'unika kwamba kaburi ni kaburi, hata likiwa la mgeni. Bwana Rajab akamtuliza: hawamfukui mtu, watasogeza mawe na kusawazisha udongo, kwa sababu upande wa pili ni kinamasi na njia haina pengine pa kupita. Si bibi mwenyewe ndiye aliyesema maiti hana mwenyewe? Watu wakampigia Rahila makofi. Njiani kurudi alikuwa akitembea mbele ya wenzake wote.

Kazi ilianza wiki ile ile. Vijana wa kamati walikata vichaka, wakang'oa mashahidi, yale mawe mawili yanayosimamishwa kichwani na miguuni pa kaburi, wakayapasua kwa nyundo na kuyatia kwenye tope la mtoni ili watu wasizame. Mikarafuu miwili iliyokuwa karibu nayo ikaanguka. Trekta likapita juu likishindilia udongo, likarudi, likapita tena.

Ijumaa moja, darasa likiwa kwenye somo, mlango ulibishwa. Alikuwa Bi Kazija, mwanamke mwembamba wa miaka themanini, kanga zake zina tope hadi magotini, mkononi kashika ufagio wa chelewa.

"Karibu, bibi. Shikamoo," alisema Mwalimu Haroub.

Bi Kazija hakuitikia. Darasa zima likashtuka, maana hakuna mtu mzima anayeamkiwa akanyamaza.

"Kaburi la mamangu li wapi?" aliuliza.

"Kaburi gani, bibi?"

"La mamangu! La Mgeni! Nimerudi jana kutoka Fundo, leo Ijumaa nimekwenda kumsomea Yasini yake. Nimekuta barabara. Nimepita juu, nimerudi, nimepita tena, nikidhani nimepotea njia mimi. Nimepoteaje njia ya kwa mamangu?"

Mgeni! Kumbe lilikuwa jina la mtu. Na nani Pemba asiyemjua mtu aitwaye Mgeni? Darasani mle mle alikuwamo Mgeni mmoja, anakaa dawati la mbele, na Rahila alicheza naye kila siku. Yote hayo hayakumpitia akilini hata mara moja.

"Lakini bibi," mwalimu alisema taratibu, "si wewe uliyemwambia Rahila kwamba aliyezikwa pale ni mtu wa ng'ambo, hana jamaa?"

"Rahila ni nani? Ntoto huyo simjui. Hajapata kupiga hodi mlangoni kwangu."

Wanafunzi wote walimgeukia Rahila. Uongo wa tatu ulimjia mdomoni, tayari kabisa: kwamba alisikia vibaya, kwamba bibi amesahau, maana wazee husahau. Alimtazama Bi Kazija na ufagio wake, na uongo ule haukutoka.

"Sikwenda, mwalimu," alisema. "Nilikaa kwa kina Laila tukichambua karafuu. Nilitunga. Yote nilitunga."

"Na mimi nilijua," Laila alisema kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka. "Nikanyamaza."

Bi Kazija hakupiga kelele, na wallahi ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akauweka ufagio mapajani.

"Mamangu aliitwa Mgeni kwa sababu ntoto akizaliwa ni mgeni nyumbani," alisema. "Alikuwa mkunga. Wakati huo hapakuwa na hospitali huku. Akiitwa, hutoka, mvua au jua, kitongoji hiki na kile. Njia yenu hiyo mnayoipanua, ni miguu yake iliyoifungua. Mababu zenu nusu yao kawapokea yeye. Waliomzika wote wamekwisha kufa, wa kumkumbuka nimebaki mimi. Aliponifia mimi nilikuwa kigori, sina ndugu wa tumbo moja. Picha yake sina, zama zile nani alikuwa na picha? Nalikuwa na mawe mawili tu. Nikiyashika, nashika mkono wake."

Mwalimu Haroub alikuwa ameinamisha kichwa. "Kosa si la mtoto peke yake," alisema. "Kwa Bi Kazija si mbali kwa mtu mzima. Ningeweza kwenda kuuliza mwenyewe. Niliipenda hadithi kwa utamu wake, nikaacha kuuliza kama ni ya kweli."

Mchana ule walikwenda wote, mwalimu na darasa lake, Bwana Rajab akiwa haoni pa kuuweka uso wake, na Mzee Ame, baba yake Rahila, aliyeitwa kutoka shambani. Kwenye tope la mtoni waliokota vipande vya mawe wakavipanga. Havikuungana. Walipofika Kwa Mgeni, Bwana Rajab akamwomba bibi awaonyeshe lilipokuwa kaburi, walifukie upya na kulijengea.

Bi Kazija alisogea. "Hapa," alisema. Akatazama huku na huku akitafuta ile mikarafuu miwili, akaona visiki vimeng'olewa. "La. Hapa. Ngojeni." Akapiga hatua, akarudi nyuma, akasimama. Udongo wote ulikuwa sawa, mwekundu, mgumu kama sakafu.

"Sijui nimesimama kichwani pake au miguuni," alisema.

Rahila alilia hapo kwa sauti, na baba yake hakumbembeleza.

Kamati ilikata shauri palepale. Njia ilihamishiwa upande wa kinamasi, na vijana wakajaza kifusi huko kwa siku nyingi, kazi waliyosema mwanzoni kwamba haiwezekani. Eneo zima la pale lilizungushiwa ua wa miti, kubwa kuliko kaburi lolote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa maiti yuko pembe ipi. Mzee Ame na binti yake walibeba mawe kutoka pwani kuja kuuwekea ua ule msingi. Rahila aliyabeba kichwani, mabega yakimuuma, na wenzake waliokuwa wakimpigia makofi walimpita njiani bila kumsemesha. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya kurekebisha makosa yake, Rahila aliiona ndefu.

Kazi ilipokwisha, Mzee Ame alimpeleka binti yake kwa Bi Kazija. Mara hii Rahila alipiga hodi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba. Radhi nimekupa. Mimi n'na umri huu, siwezi kwenda kwa Mola na kinyongo cha ntoto."

"Basi niruhusu niwe nakufagilia kaburi kila Ijumaa. Wewe upumzike."

Bi Kazija alimtazama. Ufagio wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, umekauka.

"Utafagia wapi, mwanangu?" aliuliza.

Rahila, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alisimama mlangoni pale akitazama vidole vya miguu yake. Mzee Ame akamshika bega.

"Siku ile ungesema 'sijui,' mwanangu," baba yake alimwambia, "wangekucheka, ukala wali wako usiku, ukalala. Uliona haya kusema sijui. Sasa mwenye kusema 'sijui' ni huyu bibi, kila Ijumaa, akitafuta pa kusimama amwombee mamaake. Ukiulizwa jambo, nenda ukaulize. Ukishindwa kwenda, sema hukwenda. Usimtungie mtu maisha yake, wala usimtungie kifo chake, kwani hata aliye chini ya udongo ana mwenyewe."

Bi Kazija aliinuka, akajitanda kanga yake na kuchukua msahafu, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Alitoka akashika njia ya Kwa Mgeni peke yake, na alipofika aliuzunguka ua mzima akisoma, ili popote alipo mama yake, asikose kusikia.