Ukuta wa Zuleikha

Kila asubuhi, akishauza mahamri yake, Zuleikha alijifunga leso na kwenda kuitazama nyumba yake mpya hapo Timbwani. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja. Chini angekaa yeye. Juu angekaa binti yake, Mwanakheri, ambaye harusi yake ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Wakwe walikuwa wameshaambiwa kwamba vyumba viko tayari. Havikuwa tayari hata kidogo, na jambo hilo lilimnyima Zuleikha raha.

Kuta za juu zilikuwa zimechimbwa mifereji, na ndani ya mifereji mabomba ya maji yalionekana wazi. Boga, fundi wa plasta, alikuwa amekalia ndoo akingoja. Boga huyu alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Zuleikha. Kioko, fundi wa mabomba aliyetoka Machakos, alikuwa amesimama mbele ya kifaa kidogo cha mviringo chenye mshale. Alikuwa akikitazama tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana nilikuacha umesimama hapo hapo. Kazi yako ni kutazama saa?"

"Si saa, mama. Hii ni geji. Nimejaza maji kwenye mabomba, nikayasukuma kwa pampu ya mkono, halafu nikafunga kila mahali. Mshale ukisimama, hakuna panapovuja. Lakini unashuka. Plasta isipigwe kwanza."

Boga alimvuta Zuleikha pembeni.

"Dada, huyu anakuchezea," alinong'ona. "Jumatatu mshale ulisimama, niliuona kwa macho yangu. Leo Alhamisi unashuka. Kwani mabomba yanatobolewa na majini? Analegeza mwenyewe ili kazi isiishe. Wallahi, niruhusu nipige plasta leo."

Maneno hayo yalimwingia. Alianza kumwangalia Kioko kwa jicho la pembeni. Mbona mkoba wake hauachi hata akienda kunywa maji? Mbona akipigiwa simu anazungumza Kikamba, tena anacheka? Anamcheka nani? Siku hiyo hata kikohozi cha Kioko kilimtia wasiwasi. Zuleikha aliketi kwenye ngazi, akajifanya anachambua mchele, kumbe anahesabu kila hatua ya yule fundi.

Kabla ya adhuhuri alimwona ameshika spana, analegeza kifuniko cha bomba. Maji yakaruka.

"Nimekufuma!" alipiga kelele. "Leo utasema mbele ya watu!"

Alikwenda kumwita jirani yake, Rosalia, awe shahidi. Rosalia alikuwa msimamizi wa kazi za mabomba, pampu na mitambo ya kupoza hewa kwenye majengo makubwa. Siku hiyo alikuwa nyumbani, likizoni. Alikuja na kandambili zake, akasikiliza pande zote mbili bila kumkatiza mtu.

"Mama Mwanakheri, hapo alikuwa anatoa hewa," alisema Rosalia. "Hewa ikibaki ndani ya bomba, geji haisemi kweli. Kioko, una mchoro wa mabomba?"

Kioko alifungua ule mkoba. Alitoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Ndani ya mkoba mlibaki tepu ya kupimia na chapati mbili tu. Zuleikha alitazama chini.

"Jumatatu mshale ulisimama kwa muda gani?" aliuliza Rosalia.

"Saa nzima," alijibu Kioko.

"Mliandika popote? Mwenye nyumba alitia sahihi?"

Kioko alitikisa kichwa.

"Basi tuyagawe mabomba. Funga vali ya juu, maji yasipite, tupime chini peke yake," alisema Rosalia.

Walipima chini. Mshale ukasimama kimya. Walipima juu. Mshale ukaanza kushuka polepole.

"Pa kutafuta ni huku juu. Tangu Jumatatu, nani amegusa kuta hizi?" aliuliza Rosalia.

Walifuata bomba moja moja, wakipapasa kwa mikono. Kwenye chumba cha Mwanakheri, Rosalia alisimama. Ukutani palikuwa na kidaka kipya, kile kishimo cha kuwekea msahafu kama kwenye nyumba za zamani. Chini ya kidaka jiwe lilikuwa limelowa.

"Hiki hakimo kwenye mchoro," alisema Kioko. "Jumatatu hakikuwepo. Bomba limegongwa na patasi."

Boga alikuna kichwa. "Dada, ni wewe uliyeniambia nikichonge. Jumanne."

Zuleikha alihisi uso unamwaka moto. Ni kweli. Nyumba ya mama yake ilikuwa na kidaka, naye aliona binti haolewi akaenda kukaa chumba kisicho na kidaka. Akamwambia Boga kwa sababu ni ndugu. Kumwambia fundi wa mabomba habari za kidaka hakukumpitia akilini.

"Plasta ingepigwa leo, maji yangevuja humo ndani mpaka ukuta ufure," alisema Rosalia. "Mngekuja kuubomoa mkiwa mmeshahamia. Huko kazini kwetu kila badiliko, hata tundu la msumari, linaingia kwenye mchoro kwanza, na mafundi wote wanaambiwa. Tunapima, tunaandika, mafundi na mwenye nyumba wanatia sahihi. Tunapiga picha ukuta ukiwa wazi, tepu ikionyesha bomba liko wapi. Plasta inafuata baada ya hayo yote."

Zuleikha alimgeukia Kioko. "Mwanangu, nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Niliona, mama," alisema Kioko. Hakutabasamu. "Ulihesabu hata safari zangu za chooni. Lakini na mimi nina kosa. Jumatatu ningekuita utazame."

Alikata kipande kilichotoboka, akahamisha bomba mbali na kidaka, akaunganisha upya. Safari hii Zuleikha alikaa mbele ya geji saa nzima, macho makavu, mchele umesahauliwa. Mshale haukutikisika. Zuleikha, Kioko na Boga walitia sahihi kwenye daftari. Kioko alipiga picha kila ukuta. Ndipo Boga akaruhusiwa kuchanganya saruji.

Siku ya harusi nyumba ilijaa wageni kutoka Kisauni mpaka Changamwe. Walitawadha juu na chini, maji hayakukatika, na kuta zilikuwa kavu. Zuleikha alikuwa akipokea pongezi mlangoni aliposikia nyundo ikigonga juu. Alipanda ngazi mbio, leso inaburura.

Boga alikuwa na msumari mkononi na kioo kikubwa cha bibi harusi miguuni.

"Dada, nakitundika tu. Msumari mmoja."

Zuleikha alimpokonya nyundo.

"Kioko yuko chini anakula biriani," alisema. "Nenda ukamwite, na aje na simu yenye zile picha."