Dada Alivyochomoa Pamba Puani kwa Mwanangu

"Wakimpasua pua, wanamfungua uso mzima kama begi!"

Dada yangu aliniambia hivyo jikoni, kuhusu binti yangu.

Jamani, maneno yale yaligoma kunitoka. Nafua nayo, nalala nayo...

Binti yangu, msusi, alikuwa na uvimbe ndani ya pua. Tundu moja limeziba kabisa, damu zinamtoka ovyo. Hospitalini walikata kinyama kidogo wakapima. Si saratani. Ila ukiachwa, unakua.

"Mama, hatukati uso," daktari alinieleza. "Tunapita humuhumu puani, na kamera nyembamba."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni sikumwamini hata chembe!

Siku ya siku, niko na dada nje ya chumba cha upasuaji.

Mlango ukafunguka. Mwanangu huyo, anasukumwa kitandani. Uso uko vilevile! Hakuna mshono. Pamba tu puani.

Dada akaniminya mkono.

"Mdogo wangu, wamekuchezea. Hawajampasua huyu!"

"Usiseme hivyo, dada."

"Kidonda kiko wapi? Nionyeshe!"

Tulipofika wodini, nesi kageuka tu kutundika dripu... dada akaingiza vidole, akachomoa ile pamba!

Mungu wangu! Damu mdomoni, damu shingoni, shuka lote jekundu!

"Nesiii!"

Nesi akamketisha mwanangu, akamwinamisha mbele.

"Nani katoa?!"

Dada anaangalia dari.

Daktari akaja mbio, akaziba upya. Mimi nimeshika miguu ya mwanangu...

Damu ikakata.

Hapo ndipo nikamgeukia dada.

"Hayo ya kufunguliwa uso ulisikia wapi?"

"Saluni. Mteja mmoja, ana uhakika kabisa!"

"Saluni gani?"

"Si hiyo anayosukia huyu mwanao."

Binti akafungua jicho moja.

"Mama mkubwa... stori hiyo niliitunga mimi, nikamwambia mteja. Naogopa sindano. Nilitaka imfikie mama, akatae."

Nilitaka kumchapa. Nikambusu.

Sasa wenzangu, haya msiyafanye:

Usikae na pua inayoziba upande mmoja na kutoa damu bila kwenda kupimwa.

Usimwitikie daktari kwa kichwa wakati hujaelewa. Muulize.

Usiguse pamba aliyoiweka yeye.

Mgonjwa asipenge kamasi mpaka aruhusiwe.

Na dada kama wangu, usiende naye wodini.