Bata Huyu Aliwe na Nini?

"Viazi toa."

"Nitoe viazi, mama? Nimeshavimenya."

"Vitoe, mwanangu. Pika kabichi nyekundu, uichanganye na tofaa. Mgeni wangu hali viazi."

"Mgeni yupi tena, mama?"

Simu ikakatika.

Sindano alibaki amesimama jikoni, simu mkono huu, kisu mkono ule. Jina hilo alibandikwa na wateja wake, maana alikuwa mshona mapazia na sindano haikumtoka mdomoni. Jumapili hiyo ndiyo mara ya kwanza anamwandalia mama mkwe mtarajiwa chakula cha mchana. Bata alikuwa ndani ya oveni, ngozi imeanza kushika rangi, mafuta yanachuruzika kwenye trei. Bata mwenyewe hakuwa na shida. Shida ilikuwa aliwe na nini.

Mchumba wake, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amemwambia, "Kaanga viazi kwa mafuta ya bata huyohuyo, na maharage machanga pembeni. Mama atajilamba mpaka viwiko." Sasa mama huyohuyo anasema viazi vitoke. Njia mbili zilimshinda fisi, itakuwa yeye?

Akaandika ujumbe: "Mpenzi, mama anasema mgeni wake hali viazi. Mgeni gani?"

Jibu likaja: "Mgeni??? Tunakuja mimi na yeye tu."

"Kasema mgeni. Anataka kabichi na tofaa."

Akaona Dereva anaandika. Dereva akaacha. Akaandika tena. Mwishowe likaingia neno moja: "Sijui."

Neno moja tu, kutoka kwa mtu ambaye hata salamu huituma na makopa matatu! Sindano akapiga.

"Sijui ni hujui, au hutaki kusema?"

"Jamani, sijui. Pika vyote basi."

"Vyote wapi? Hapa ni kwangu, si hotelini!"

"Sindano, niko barabarani. Tutaongea."

Akapika vyote. Viazi akavitia kwenye mafuta, kabichi akaikata, machozi yakimtoka kwa vitunguu na kwa hasira. Alipokuwa anamwagia karoti asali, simu ikalia mlio wa ujumbe. Mama tena: "Ukipika karoti usitie asali. Anaogopa sukari."

*Anaogopa.* Nani? Mzee? Kasisi? Mwanamume, mwanamke? Hiyo "a" moja ilimzungusha kichwa kama pia. Akazisuuza karoti kwa maji ya moto, zikawa hazina asali wala hazina ladha.

Kengele ya mlango ikalia.

Mama mkwe aliingia wa kwanza, anaegemea fimbo. Nyuma yake mwanamke mrefu, mtanashati, ameshika maua. Nyuma kabisa Dereva, aliyewakuta mlangoni, uso umemshuka kama aliyenyeshewa.

"Karibuni," alisema Sindano. "Mgeni simfahamu."

"Mwalimu wa piano," alisema mama mkwe haraka. "Ni mwanangu pia."

Mwanamke yule alitazama meza, akatazama picha ya Sindano na Dereva ukutani, wamekumbatiana. Akayashusha maua.

"Mama, hapa ni kwa nani?"

"Kaa kwanza, mwanangu, chakula kitapoa."

"Mama! Uliniambia hawa wameachana. Uliniambia mwanao ananitafuta."

Jikoni maji ya karoti yalikuwa bado yanadondoka kwenye sinki.

Sindano alimgeukia Dereva. "Huyu ndiye yule wa zamani?"

"Ndiye."

"Niliposema hali viazi, ulimjua?"

"Nilimjua."

"Ukaniambia hujui. Nikaendelea kumpikia."

"Nilichanganyikiwa, Sindano. Nilidhani labda nimekosea. Nikasema nikifika nitaona."

"Na umeona."

Mwalimu alimsogelea Sindano, akamwekea maua mikononi. "Dada, nisamehe, sikujua. Na mimi nina mtu wangu; nilikuja tu kumwambia Dereva hivyo. Ningeulizwa ningesema, ila mama hakuuliza." Akaufuata mlango bila kugusa kiti.

Mama mkwe alikaa chini, fimbo ikamponyoka.

"Nilipovunjika nyonga, yule binti ndiye aliyekuwa ananigeuza kitandani," alisema. "Mwanangu alikuwa anabeba wagonjwa wa watu. Walipoachana, hakuna aliyeniuliza mimi naachana naye vipi."

Sindano aliiokota fimbo, akamrudishia.

"Hakuna aliyekuambia umwache, mama. Mpende tu. Lakini umemleta jikoni kwangu, ukanificha ukweli."

"Nimekosa, mwanangu."

"Nimesikia. Kula, bata hana kosa." Kisha akamwambia Dereva, "Ukimaliza kula, mrudishe mama nyumbani. Leo sina maneno na wewe."

Hakuna aliyesifia chochote siku ile. Mama mkwe alikula kabichi huku analia. Dereva hakuvigusa viazi.

Kesho yake asubuhi Dereva alimkuta Sindano karakanani, amepiga magoti sakafuni, anakata kitambaa.

"Nimezungumza na mama. Amempigia Mwalimu, amemwomba radhi. Anasema—"

"Ya mama nimeyasikia jana. Niambie ya kwako."

Dereva alikaa kwenye kigoda cha wateja. Akakuna kichwa.

"Niliogopa. Nilijua nikikwambia utazima oveni, na mama atasema mimi ndiye niliyevuruga. Nikaona heri nikae kimya, litakalokuwa na liwe."

"Ningezima, ndiyo. Halafu ningekupigia, tukalipanga wawili. Umeniacha peke yangu jikoni na watu ambao siwajui, na mmoja wao ni wewe."

Dereva aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa mekundu.

"Harusi tuisogeze mbele?"

Sindano aliusimamisha mkasi, umefunguka mkononi. Tangu jana alikuwa hajui kama anataka kumpiga au kumkumbatia, na hata sasa hakujua.

"Nimekasirika bado," alisema. "Na nakupenda bado. Yote mawili yapo, sijui nitayapanga vipi."

"Nami nitakaa hapa mpaka uyapange."

"Hukai bure. Njoo ushike ncha ile, kitambaa kinanipinda."

Dereva akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili. Wakakivuta pamoja, taratibu, mpaka kikanyooka.

"Tusiisogeze," alisema Sindano, na akaanza kukata.