Zinia za Nasike Haziguswi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza sukuma wiki kando ya Jogoo Road, Nasike, mama yake Ayuma, alimwagilia zinia zake. Zilikuwa kwenye kipande kidogo cha udongo mbele ya nyumba yao, katika mtaa wa Mbotela. Alitupa mbegu tu, zikamea ndani ya wiki moja. Zinia si ua la kudeka.

Sheria ilikuwa moja: haziguswi. Mumewe, Kweyu, aliwahi kuchuma moja, akanuniwa siku mbili.

"Jumuiya ya kanisa inakuja kumwombea marehemu mama yangu," Nasike alimwambia. "Mama alipenda maua. Hayo ni ya kuweka mezani kando ya picha yake."

Lakini kuna mtu aliyekuwa akikata. Upande wa karibu na lango, kila siku ua moja au mawili yalitoweka. Nasike alichemka. Mtu anaiba maua ya marehemu, halafu anaenda kunywa chai yake kwa raha?

Jumatano alijibanza nyuma ya pipa la maji. Ilipofika saa kumi na mbili asubuhi, mkono ulipenya kwenye uzio. Ulikuwa umeshika makasi.

"Simama hapo hapo!" Nasike alipiga kelele. "Ati ni wewe, Mama Jacky? Unanisalimia kila siku na kumbe unaniibia?"

Alikuwa Muthoki, mama yake Jacky, jirani wa mlango wa pili. Aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la maua kwa miaka sita.

"Pole, Mama Ayuma. Nilikuwa nayaona yakiharibika, nikashindwa kuvumilia."

"Yanaharibika? Si wewe ndiye unayeyaharibu!"

"Hebu angalia. Huku ninakokata, na kule unakolinda."

Nasike aliangalia. Upande wa lango ulijaa vichipukizi na maua mapya. Upande aliolinda kwa ukali wote ule ulikuwa na vichwa vya kahawia vilivyokauka. Zilibaki wiki tatu tu kabla ya maombi. Machozi ya hasira yalimlengalenga.

"Ukiacha ua likauke juu ya shina, mmea unaanza kutengeneza mbegu," Muthoki alisema. "Mmea unaona kazi yake imeisha. Ukikata, unachipua tena."

"Sasa nifanye nini?"

"Kata vichwa vyote vilivyokauka, leo hii. Ya kuweka nyumbani, kata asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwanza tikisa shina. Likilegea, ua bado halijakomaa. Likisimama imara, kata juu kidogo ya majani mawili. Hapo patatoka matawi mapya."

"Mbona nikiweka ndani yananyauka kesho yake?"

"Unayaweka na majani yote, yanaoza kwenye maji. Toa majani ya chini. Osha chupa vizuri. Badilisha maji kila siku."

Nasike alimpokonya makasi.

"Mafunzo nimeyapokea," alisema. "Lakini wizi ni wizi, Mama Jacky! Kujua sana hakukupi ruhusa ya kuchukua cha mtu. Kwani kupiga hodi kungekuumiza mdomo?"

Muthoki aliinamisha kichwa.

Siku ya maombi, chupa tatu za zinia zilisimama mezani kando ya picha ya marehemu. Wanajumuiya waliuliza zimenunuliwa wapi.

"Kununua?" Kweyu alisema akitabasamu. "Ni za hapo nje."

Nasike aliitazama ile picha, akalia kidogo, kisha akaongoza wimbo. Maua yale yalikaa wiki nzima bila kunyauka.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, mlango uligongwa.

"Hodi, Mama Ayuma. Naomba maua mawili tu ya mezani."

Nasike alimwacha asimame nje kidogo. Hasira haikuwa imeisha yote. Kisha akafungua, akamkabidhi makasi.

"Kata manne," alisema. "Lakini nikiuona tena huo mkono kwenye uzio, nakupeleka kwa wazee wa Nyumba Kumi!"